Je, wajua kwa nini dekoda ya kurekodi haitosheki na kebo moja ya zamani?

Dekoda mpya imefika, ile inayokuwezesha kutazama mechi huku ikirekodi kipindi cha chaneli nyingine. Unachomoa ya zamani, unachomeka mpya kwenye kebo ile ile, na picha inakuja safi. Unapoanza kurekodi, chaneli ya pili inakataa: hakuna mawimbi. Mara nyingi lawama humwangukia aliyeuza dekoda, ilhali tatizo ni kwamba kebo hiyo imeombwa kubeba kitu isichoweza.

Setilaiti za televisheni hurusha mawimbi kati ya gigahezi 10.7 na 12.75, mengine yakiwa ya wima na mengine ya mlalo. Masafa ya juu hivyo hayasafiri kwenye kebo ya kawaida. Kwa hiyo LNB, kile kichwa kidogo kinachotazamana na dishi, huyashusha hadi kati ya megahezi 950 na 2,150. Nafasi hiyo haitoshi mawimbi yote, basi hugawanywa mafungu manne: wima ya chini, wima ya juu, mlalo ya chini, mlalo ya juu. Dekoda ndiyo inayochagua fungu. Ikituma volti 13 kwenye kebo inapata wima, ikituma 18 inapata mlalo, na ikiongeza mtetemo wa kilohezi 22 inahamia bendi ya juu. Kebo moja haiwezi kuwa na volti 13 na 18 kwa wakati mmoja. Ukitazama chaneli iliyo kwenye fungu moja, mafungu mengine matatu hayapo kabisa kwenye waya wako.

Hapo ndipo splita, kile kifaa cha kugawa kebo moja iwe mbili, inapowakwamisha watu. Dekoda ya sebuleni ikiomba 18 na ya chumbani 13, LNB inasikia volti kubwa pekee, na anayetaka chaneli ya wima anabaki na skrini nyeusi. Tena splita za antena ya kawaida huandikwa 5–1000 MHz, hivyo hukata sehemu kubwa ya mawimbi ya setilaiti, na nyingi hazipitishi umeme wa kuiendesha LNB.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni kuongeza kebo: LNB yenye matundu mawili au manne, na kila tyuna, yaani sehemu ya dekoda inayonasa chaneli, ipate kebo yake kutoka kwenye LNB moja kwa moja, bila kugawanywa njiani. Hesabu tyuna, usihesabu televisheni. Dekoda ya kurekodi yenye tyuna mbili pamoja na dekoda ndogo ya chumbani ni kebo tatu. Vuta nne wakati ngazi bado ipo, kwa maana kazi ngumu ni kupanda na kutoboa ukuta, na kebo ya ziada haiongezi kazi kubwa.

Njia ya pili ni LNB ya kebo moja, inayofuata kanuni ya EN 50494 iliyotoka mwaka 2007. Hapa kila tyuna hupewa masafa yake ya kudumu ndani ya kebo, nayo LNB huhamishia humo chaneli iliyoombwa. DStv Explora, dekoda ya kurekodi ya DStv, imeundwa kutumia mfumo huu. Angalia lebo za matundu: LNB nyingine huwa na tundu la mfumo huu pamoja na matundu ya kawaida, na dekoda ya zamani ikichomekwa kwenye tundu lisilo lake haioni kitu. Kwenye menyu ya dekoda nako lazima uchague aina ya LNB inayolingana na ile iliyo juu ya paa. Anayeishi kwenye gorofa lenye dishi la pamoja asiguse LNB. Azungumze na keateka kuhusu swichi inayogawa mawimbi kwa nyumba zote, aulize kama ina tundu lililo wazi au inaweza kubadilishwa.

Sasa kebo yenyewe, mahali ambapo pesa huokolewa vibaya. Unataka kebo aina ya RG6 ya omu 75. Kwenye megahezi 2,150 inapoteza takriban desibeli 30 kwa kila mita 100, na RG59, ile nyembamba, hupoteza zaidi. Lakini maduka ya Luthuli Avenue na River Road jijini Nairobi yana RG6 za kila aina, na nje zote zinafanana. Omba uoneshwe ncha iliyokatwa na uweke sumaku kwenye waya wa kati. Sumaku ikinasa, huo ni chuma kilichopakwa shaba. Mawimbi yatapita sawa kwa kuwa husafiri kwenye ngozi ya waya, lakini umeme wa volti 18 unahitaji mwili mzima, na waya huo una ukinzani takriban mara nne hadi tano ya ule wa shaba tupu. Kwa mita 15 hutaona tofauti. Kwa mita 60 kutoka paa la gorofa hadi sebuleni, LNB ya matundu mengi inaweza kubaki na volti chini ya 16, isitambue tena ombi la mlalo. Dalili yake ni ya pekee: chaneli za wima ziko sawa, za mlalo zimetoweka zote. Kwa umbali huo nunua shaba tupu.

Konekta ya F, ile ya kuchomekea kebo kwenye LNB na dekoda, ya kubanwa kwa chombo chake ni bora kuliko ya kuzungushwa kwa mkono. Chomoa dekoda kwenye umeme kwanza. Menya ganda la nje, kunja nyuma wavu wote wa nyuzi za chuma, acha foili ikiwa imeshikana na plastiki nyeupe, kisha ingiza konekta mpaka plastiki iwe sawa na sakafu ya ndani. Waya wa kati utokeze milimita 2 hivi kupita ukingo wa nati. Uzi mmoja tu wa wavu ukigusa waya wa kati, umeme unapiga shoti na LNB haiwaki.

Nairobi ina jambo lake. Setilaiti inayotumiwa na DStv iko nyuzi 36 mashariki, na jiji liko karibu nyuzi 36.8 mashariki, kusini kidogo tu mwa ikweta. Kwa hiyo setilaiti iko karibu utosini, dishi linalala chali, na LNB inakaa juu ikitazama chini. Kwa LNB ambazo matundu yake yako nyuma, konekta huishia kuelekea angani, na mvua za Machi hadi Mei huingia moja kwa moja, zikashuka ndani ya wavu hadi kwenye dekoda. Funga kila konekta kwa tepu ya mpira inayojishika yenyewe, ukianzia kwenye kebo na kupanda ili mikunjo ifunikane kama mabati. Kabla kebo haijaingia ukutani, iache ining'inie kidogo chini ya tundu ili maji yadondoke hapo. Kona zisiwe kali: nusukipenyo (radiasi) ya kila kona isipungue sentimita 7.

Kati ya dekoda na televisheni tumia HDMI. Zile waya za njano, nyekundu na nyeupe hazipitishi picha ya HD.

Kabla fundi hajashuka, fungua ukurasa wa mawimbi na ujaribu chaneli za mafungu yote manne, kisha rekodi moja huku ukitazama nyingine ya fungu tofauti. Mlalo ukikosekana, pima volti kwenye ncha ya juu ya kebo huku LNB ikiwa imeunganishwa. Bendi ya juu pekee ikikosekana, angalia mpangilio wa kilohezi 22. Na zote zikiwa dhaifu, rudi kwenye konekta, kisha mwelekeo wa dishi.