Senti ya tundu ya 1936 si sarafu ya majaribio

Huyu mwuza sarafu wa juzi alitoka Kongwa. Senti kumi ya tundu kaifunga kwenye leso, leso kaitia ndani ya soksi, na nauli ya kuja Dodoma mjini kakopa kwa shemeji yake. Hakutaka niishike mpaka nitaje bei, na bei yenyewe iwe ya mamilioni. Ni wa nne tangu mvua zikatike, wote na sarafu ileile, hadithi ileile: eti ni ya majaribio, ina thamani ya mamilioni. Nimechoka kueleza mmoja mmoja, acha niandike.

Sarafu ni ya Afrika Mashariki enzi za Mwingereza, imeandikwa EDWARDVS VIII, yaani Mfalme Edward wa Nane, mwaka 1936. Ukitafuta jina hilo kwenye simu utasoma kwamba Uingereza haikuwahi kuzitoa sarafu zenye sura ya mfalme huyo, kwamba zilizobaki ni za majaribio, na kwamba sarafu ya dhahabu ya pauni moja ya kundi hilo iliuzwa mwaka 2020 kwa pauni milioni moja. Yote kweli. Ila hakuna hata moja linaloihusu senti yako.

Edward wa Nane alirithi kiti Januari 1936, akaachia ngazi Desemba mwaka huohuo kabla hajavikwa taji. Sarafu zenye sura yake zilikuwa bado zinaandaliwa London zianze kutumika 1937. Kichwa nacho kilileta mvutano: desturi ni mfalme mpya atazame upande usio wa aliyemtangulia, yeye akang'ang'ania kutazama kushoto kama baba yake. Alipoondoka, vilivyokuwa vimepigwa ni vipande vichache vya kupimia mchoro na madini. Vile vya peni tatu, vyenye pande kumi na mbili, baadhi vilipelekwa kwa watengenezaji wa mashine za kumeza sarafu ili wazijaribu mashine zao, na vingine havikurudi. Sarafu ya majaribio ndiyo hiyo: inapigwa ili wakubwa waitazame waseme ndiyo au hapana.

Sasa geuza senti yako. Penye kichwa pana tundu. Juu taji, kuzunguka jina, upande wa pili pembe mbili za ndovu. Hapakuwa na sura ya kugombania. Kubadili mfalme kulikuwa kubadili maandishi tu, basi senti tano na senti kumi za Afrika Mashariki zikapigwa mwaka uleule, kwa mamilioni, zikapakiwa melini, zikaja huku kununua chumvi na viberiti. Bibi zetu walizifunga kwenye pindo la kanga. Mfalme alipoondoka, senti zilishatolewa, na hakuna aliyehangaika kuzikusanya.

Kwa hiyo kaka, ukiniambia "lakini jina ni lake", nakujibu jina ni lake na sarafu ni ya kawaida. Ikiwa safi kabisa, haijaguswa, mkusanyaji ataifurahia. Ikiwa imelainika kama kokoto ya mtoni, ni kumbukumbu ya familia, itunze. Huo ulaini wenyewe ni ushahidi: sarafu ya majaribio haiendi gulioni miaka thelathini.

Madai mengine ya wauzaji nitayapitia haraka.

"Haina herufi, kwa hiyo ina kosa." Herufi ndogo H ni ya kiwanda cha Heaton, KN ni King's Norton, vyote vya Birmingham. Isiyo na herufi ilipigwa London. Basi.

"Ya 1964 haina jina la malkia, ni ya majaribio." Tanganyika, Uganda na Kenya zilikuwa zimeshapata uhuru. Ulitaka liandikwe jina la nani?

"Heller zangu mbili za Tabora hazifanani, mojawapo lazima iwe ya majaribio." Hapa angalau mtu ametumia macho, na namheshimu. (Heller ni sarafu ndogo ya enzi za Mjerumani; hela unayonidai imetoka kwenye neno hilohilo.) Mwaka 1916 Wajerumani walikuwa wamezingirwa na vita, sarafu haziji tena kutoka kwao, wakazipiga wenyewe kwenye karakana ya reli Tabora. Heller 20 nyingine ni za shaba nyekundu, nyingi ni za shaba ya njano. Taji kuna kubwa na dogo, hata herufi zimepindwa tofauti, kwa sababu mihuri ya kupigia ilikuwa zaidi ya mmoja. Zote zilitolewa zitumike. Mkusanyaji hutafuta kila aina, lakini kuziita za majaribio ni kumdanganya mnunuzi.

Rupia 15 za tembo ndizo watu wanazoota. Zilipigwa palepale Tabora kwa dhahabu ya Sekenke, huku kwetu Singida, jumla 16,198. Hizo pia hazikuwa za majaribio. Za bandia ni nyingi, na mimi ushauri wangu ni ule ule kila siku, mizani kwanza, maneno baadaye. Nenda kwa sonara. Halisi ina gramu 7.17 hivi na upana wa milimita 22. Ikipungua gramu nzima usinipigie simu.

Na majaribio ya kweli yakoje? Za Wafaransa, zikiwemo za Komoro, mara nyingi zimeandikwa ESSAI usoni kabisa. Nyingine zina madini yasiyo ya kawaida, au mchoro ambao haukuwahi kutumika, na ukingo mkali kama umetoka kiwandani jana. Zilikaa kwenye makabati ya viwanda na ya wakubwa. Kuikuta kwenye kibuyu cha babu Mpwapwa si muhali, lakini anza na kudhani siyo.

Nirudi kwa kijana wa Kongwa. Alipoifungua leso, sarafu ilikuwa inang'aa kama sufuria ya harusi. Alikuwa ameisugua usiku kucha kwa ndimu na mchanga ili niipende. Kusugua huiharibu sarafu: hata zile elfu chache ambazo ningempa, aliziosha zote kwenye beseni.