Maji yaliyofichwa ndani ya ganda la waya

Polietilini, plastiki inayofunika nyaya nyingi za umeme, ni ndugu wa mafuta ya taa: kaboni na haidrojeni tupu. Ikishika moto huyeyuka na kudondosha matone yanayowaka, na kila tone hupeleka moto chini.

Kazi yangu ni kuchanganya plastiki na kemikali za kuikinga. Ninayoipenda kuliko zote ni haidroksidi ya alumini. Ni unga mweupe, mkavu kabisa ukiushika, ilhali theluthi nzima ya uzito wake hugeuka maji ukipashwa moto. Kuanzia nyuzi joto 200 hivi, unga huyaachia maji hayo yakiwa mvuke. Tendo hilo hunyonya joto jingi, mvuke nao huzimua gesi zinazowaka, na oksidi inayobaki huifunika plastiki kama ukoko.

Gharama yake ni wingi. Yahitaji kufika asilimia 60 ya uzito wa ganda, na hapo ganda hukakamaa, hata kupasuka likikunjwa. Tena unga huu hauchagui moto. Nilipokuwa mgeni kazini niliutia kwenye polipropilini, plastiki nyingine, mashine ikiwa kwenye nyuzi 220. Maji yalitoka humo humo mashineni, na plastiki ikaja na matundu kama kitumbua. Tukahamia haidroksidi ya magnesi, inayostahimili hadi nyuzi 300 hivi.

Wengi huona bromini ni rahisi zaidi, kwa kuwa kidogo tu, ikisaidiwa na oksidi ya antimoni, hutosha. Yenyewe huingia ndani ya mwali na kuzinasa radikali, yaani vipande vya molekuli vyenye pupa ya kuungana na vingine, vinavyouendeleza. Sikatai kwamba inafanya kazi. Ila baadhi ya kemikali zake hazivunjiki upesi, hujikusanya kwenye mafuta ya mwili, na televisheni kuukuu yenye kemikali hizo ikichomwa jalalani huweza kutoa dioksini, ambazo ni sumu kali. Mkataba wa Stockholm, wa kimataifa kuhusu kemikali sumu zinazodumu, uliiorodhesha dekaBDE, mojawapo ya kemikali hizo za bromini, mwaka 2017 ili iondolewe.

Ukiona V-0 kwenye maelezo ya plastiki, ujue kipande chake kilining'inizwa wima, kikachomwa sekunde 10 mara mbili, na kila mara kikazimika ndani ya sekunde 10 bila matone yake kuwasha pamba iliyowekwa chini. Kemikali iliyotumika haitajwi hapo, wala ubaya wa moshi. Kwa nyaya za ndani ya nyumba, muulize muuzaji kama ganda lina halojeni, yaani jamii ya bromini na klorini.