VL8: mota nane chini ya waya wa volti 3,000

Herufi VL kwenye vichwa vya treni vya umeme vya Kisovieti ni kifupi cha Vladimir Lenin. Namba ndiyo huchanganya watu: kwenye VL19 na VL22 ni tani zinazobebwa na kila ekseli (mhimili wa magurudumu mawili), lakini kwenye VL8 ni idadi ya ekseli zenyewe.

Kichwa hiki cha mizigo kilitoka kiwandani Novocherkassk, kusini mwa Urusi, mwaka 1953, kikiitwa N8. Kilikuwa na vipande viwili vilivyoungwa, uzito wa tani kama 180 na nguvu ya kilowati 4,200. Jina la VL8 kilipewa Januari 1963, miezi michache tu baada ya wafanyakazi wa kiwanda hichohicho kugoma kwa sababu ya bei ya nyama na siagi na kupigwa risasi na askari.

Ugumu ulikuwa kwenye kuondoka. Waya wa juu unaleta volti 3,000 za mkondo mnyoofu, na mota iliyosimama ikipewa umeme mwingi kwa mpigo inaungua. Elektroniki za kuupunguza umeme huo hazikuwapo, basi wahandisi wakacheza na namna ya kuunga mota. Treni ikianza, zote nane ziko kwenye mfululizo mmoja, kila mota ikipata volti 375. Mwendo ukikolea, zinagawanywa mistari miwili ya mota nne nne: volti 750. Mwisho mistari minne ya mota mbili mbili: volti 1,500. Katikati ya hatua hizo dereva husogeza mpini jino kwa jino, akiondoa vikinza, yaani vifaa vya kuuzuia umeme, kwenye sakiti kidogo kidogo. Vikinza hivyo huchemka hasa, feni zikivipuliza. Dereva anayekawia hapo anageuza umeme kuwa joto la bure.

Mteremkoni, mota hugeuka jenereta. Treni inafungwa breki huku umeme ukirudi kwenye waya, na treni nyingine inayopanda inaweza kuutumia. Kwangu mimi hapo ndipo penye ubora wa mashine hii.

Ndoano za kuvutia mabehewa hazikufungwa kwenye bodi. Zilikaa kwenye boji, yaani fremu za chini zinazoshika magurudumu, na boji zote nne zilishikana, hivyo mvuto wote wa treni ulipita chini. Bodi ilibaki kibanda cha kuhifadhi mitambo.

Vilitengenezwa zaidi ya 1,700 hadi 1967, vingine Tbilisi, Georgia. Huko ndiko alikozaliwa mrithi wake, VL10, mwaka 1961. Kwake boji zilitenganishwa, na ndoano zikahamia kwenye bodi.