Je, wajua protini mpya hupataje njia ndani ya seli?

Ukila sato wa kuchoma pale Mwaloni, Kirumba, kongosho lako humwaga vimeng'enya kwenye utumbo ili visage protini ya samaki huyo. Vimeng'enya hivyo navyo ni protini. Huundwa na ribosomu, yaani mitambo midogo ya kuunda protini, ndani ya seli za kongosho, lakini kabla ya kutoka nje lazima viingie kwenye retikulamu ya endoplazimu, yaani mtandao wa mifuko na mirija yenye utando wake. Seli hiyohiyo huunda pia protini nyingi za matumizi yake ya ndani, ambazo hazitakiwi kuingia humo. Nani anazichambua?

Jibu linapendeza kweli: kila protini inayopaswa kuingia hubeba utambulisho wake. Günter Blobel na David Sabatini walipendekeza wazo hilo mwaka 1971, na mwaka 1999 Blobel alipata Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Protini ni mnyororo wa vijenzi vidogo viitwavyo asidi amino. Utambulisho wenyewe ni kipande kifupi mwanzoni mwa mnyororo huo, mara nyingi asidi amino 15 hadi 30, na sehemu yake ya katikati hukwepa maji.

Kipande hicho kikichomoza tu kwenye ribosomu, hata kabla protini haijakamilika, hudakwa na chembe iliyoundwa kwa protini 6 na uzi mmoja wa RNA. Chembe hii ni kama mpiga debe wa stendi ya Nyegezi: humdaka abiria mapema, humsindikiza hadi mlangoni mwa basi, kisha hurudi kutafuta mwingine. Wakati huo ribosomu hupunguza kasi au husimama kabisa. Kuna sababu: mnyororo ukirefuka mno ungeanza kujikunja, na protini iliyokwisha kujikunja haipenyi kwenye tundu jembamba la utando, liitwalo Sec61. Ribosomu ikishakaa juu ya tundu hilo, chembe hujibandua, kazi inaendelea, na mnyororo unaingia ndani huku ukiendelea kuundwa.

Wakati unaingia, kimeng'enya kingine hukata ule utambulisho. Chukua insulini, nayo ya kongosho. Huanza na asidi amino 110. Zikiondolewa 24 za mwanzo hubaki 86. Baadaye kipande cha katikati nacho hukatwa, na insulini inayoingia kwenye damu ina 51 tu.