Umeme ukikatika, maji ya tangi la samaki yanakwenda wapi?

Kazi yangu ni kufunga matangi ya samaki majumbani hapa Mbeya, na swali ninalotamani kila mteja aniulize kabla hajanunua hata samaki mmoja ni hilo hapo juu.

Chukua tangi ambalo chujio lake liko kwenye tangi la pili, chini ya meza. Pampu inapandisha maji kwa bomba, na mdomo wa bomba umezama. Pampu ikizimika, bomba bado limejaa maji, kwa hiyo yanaanza kushuka yenyewe, vilevile petroli inavyotoka kwenye tangi la gari kwa mpira. Yatashuka mpaka mdomo ule upate hewa. Tangi la sentimita 100 kwa 40 lina lita 4 katika kila sentimita ya kina. Mdomo ukiwa umezama sentimita 10, hizo ni lita 40. Kama tangi la chini lina nafasi ya lita 15, zinazobaki unazikuta sakafuni.

Dawa yake ni tundu. Toboa bomba kwa drili, milimita 4 au 5, chini kidogo tu ya usawa wa maji, upande unaotazama ndani ya tangi kwa sababu pampu ikiwaka tundu hutema maji. Umeme ukikatika, maji yanashuka kidogo, tundu linafyonza hewa kwa mlio unaosikika, na mkondo unakatika palepale. Mimi hutoboa mawili, maana mwani na konokono wadogo huziba. Yasafishe kwa kijiti kila unapobadilisha maji.

Mafundi wengi hutegemea valvu ya njia moja. Peke yake siiamini: punje moja ya mchanga ikikaa kwenye mlango wake, haifungi, na hutajua mpaka siku umeme utakapokatika.

Kwa hiyo jaribu mwenyewe. Zima pampu, subiri maji yatulie, kisha angalia yamefika wapi chini. Angalia na hita, ambayo kwa baridi yetu ya Juni na Julai haikosekani: ikibaki nje ya maji, umeme ukirudi itawaka ikiwa kavu, na kioo chake kinaweza kupasuka maji yakiigusa.

Pampu ya hewa nayo iweke juu ya usawa wa maji. Ikibidi ikae chini, hapo valvu ndogo ya njia moja kwenye mpira wake ni lazima, la sivyo maji yatarudi hadi kwenye umeme.

Linalonitia hofu zaidi ni mpira wa bombani. Watu huuzamisha ndani ya tangi, wakafungua koki na kuendelea na shughuli. Mji wetu uko kwenye miteremko ya Loleza. Maji ya mtaani yakikatika na jirani wa chini akafungua koki yake, bomba linaweza kuvuta maji ya tangi lako, pamoja na kinyesi cha samaki na dawa ulizowatibia, mpaka kwenye maji ya kunywa. Mdomo wa mpira usiguse maji kamwe. Kati ya mdomo huo na maji acha nafasi isiyopungua mara mbili ya kipenyo cha mpira. Mimi najaza ndoo kwanza, na humo humo naweka dawa ya kuondoa klorini kabla ya kumimina.