Maji ya kijivu ni nini, na yanatumikaje tena nyumbani?

Maji ya kijivu ni maji yaliyokwisha kutumika kuogea, kufulia na kunawia, ambayo hayajakutana na maji ya chooni. Maji yaliyofuliwa nepi zenye kinyesi yahesabu kuwa ya choo. Ya jikoni nayo yana mafuta na mabaki ya chakula, huziba chujio upesi, hivyo kwa mfumo mdogo wa nyumbani yaache yaende kwenye chemba ya majitaka.

Dar es Salaam hutegemea sana Mto Ruvu, na Oktoba 2022 maji ya mto yalipopungua, jiji liliingia kwenye mgawo. Kaya ya watu watano, kila mmoja akioga ndoo moja ya lita 20 kwa siku, humwaga lita 100. Choo cha kuvuta hutumia lita 6 hadi 9 kwa mara moja, kwa hiyo maji hayo yanatosha kuvuta zaidi ya mara kumi bila chujio lolote. Yamimine kwenye bakuli la choo, si kwenye tangi lake, maana nywele na mapovu huharibu mpira wa valvu.

Kinachowashinda wengi ni kuyahifadhi. Yakikaa zaidi ya saa 24, bakteria humaliza oksijeni na maji huanza kunuka kama yai viza. Kununua tenki kubwa la kuyatunza ni kupoteza fedha. Yatumike siku hiyo hiyo.

Kwa bustani, chujio la pipa la plastiki la lita 200 linatosha. Toboa karibu na kitako, pitisha bomba lenye matundu, nje funga koki. Juu ya bomba weka kokoto sentimita 15, changarawe 10, kisha mchanga mkubwa wa mtoni 40. Mchanga uoshwe mpaka maji yatoke meupe, la sivyo udongo wake utaziba kila kitu ndani ya wiki chache. Mchanga wa pwani usitumie, una chumvi. Kabla ya pipa, maji yapite kwenye ndoo yenye kipande cha chandarua kinachonasa nywele, nacho kisafishwe kila siku mbili. Maji yakianza kutuama juu ya mchanga, kwangua sentimita 2 au 3 za juu. Funika pipa kwa mfuniko na chandarua, kwani mbu hawachagui maji.

Chujio hilo huondoa uchafu unaoonekana tu. Vijidudu hupita, na chumvi ya sabuni hupita yote. Ndiyo maana maji haya hayanyunyiziwi majani, wala hayamwagiliwi mchicha, karoti au nyanya za kachumbari. Yapeleke kwenye migomba na mipapai: chimba mtaro wa sentimita 30 pembeni mwa shina, ujaze majani makavu, umwage humo chini.

Sabuni ya unga ina sodiamu nyingi, hugandisha udongo wa mfinyanzi mpaka maji yasipenye. Maji ya kwanza ya kufulia yaende kwenye chemba, ya kusuuzia yaende shambani. Yenye dawa ya kung'arisha nguo yasiguse mmea kabisa. Wanaotumia kisima cha maji chumvi, kama ilivyo sehemu nyingi za pwani ya Kigamboni, wana tatizo mara mbili, na mgomba hautavumilia. Hapo mnazi ndio mmea wako. Kingo za majani zikikauka na udongo ukiota ukoko mweupe, simamisha, mwagilia maji mengi safi yasiyo na chumvi.

Weka pia koki ya pili inayorudisha maji kwenye chemba. Utaihitaji wakati wa masika, udongo ukishashiba, na siku yoyote mtu anapoharisha nyumbani. Mtaro nao uwe mbali na kisima, angalau mita 30.