Je, wajua? Mzaliwa wa Samoa ya Marekani si raia wa Marekani

Anayezaliwa Pago Pago, mji wa bandari wa Samoa ya Marekani (visiwa vya Bahari ya Pasifiki vilivyo chini ya Marekani), hupata pasipoti ya Marekani sawa na mzaliwa wa Texas. Ila ndani yake umepigwa chapa mstari mmoja: mwenye pasipoti hii ana utaifa wa Marekani lakini si raia. Kiswahili hutubana hapa, maana "uraia" tunautumia kwa yote mawili. Mwenye utaifa huingia jimbo lolote na kufanya kazi bila viza, na jeshini hupokewa. Kura ya rais hapigi, hata akihamia California.

Jibu la haraka ni kwamba hilo haliwezekani: si Katiba inasema azaliwaye Marekani ni raia? Marekebisho ya 14 ya mwaka 1868 yanasema hivyo, ila "Marekani" inaishia wapi? Mwaka 1901, katika kesi ya ushuru wa machungwa ya Puerto Rico (naam, machungwa), Mahakama ya Juu iliamua kwamba kisiwa chaweza kuwa mali ya Marekani bila kuwa sehemu yake. Chukua nyumba yenye banda la uani. Hati ya kiwanja ni moja na mwenyewe ni mmoja, lakini kanuni za nyumba kubwa hazivuki uani zote mpaka mwenye nyumba atamke. Puerto Rico ilitamkiwa na Bunge mwaka 1917, Guam 1950. Samoa, iliyo uani tangu 1900, bado. Kesi ya machungwa yenyewe haikuhusu uraia. Mahakama za baadaye ndizo zilizoivuta hadi huku.

Kosa la pili ni kudhani wote huko wanalilia uraia. Wapo waliofungua kesi, na mwaka 2019 jaji wa Utah akawapa ushindi. Aliyepinga pamoja na Washington alikuwa serikali ya Samoa yenyewe! Ardhi nyingi huko ni ya ukoo, chini ya mkuu aitwaye matai, na sheria huzuia kumuuzia asiye na angalau nusu ya damu ya Kisamoa. Hofu ni kwamba Katiba ikiingia nzima, kanuni ya usawa itaivunja sheria hiyo. Hofu hiyo haina ushahidi mzito: Mariana Kaskazini, visiwa vingine vya Pasifiki vilivyo chini ya Marekani, wana uraia wa kuzaliwa, na ardhi yao bado imelindwa kwa nasaba. Hata hivyo rufaa ilitengua ushindi mwaka 2021, na 2022 Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza kesi.

Anayeutaka uraia huhamia jimboni, akajaza fomu N-400 kama mgeni, akafanya mtihani wa Kiingereza na historia, kisha akala kiapo. Nafuu yake ni kwamba hadaiwi kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu. Mtego uko kwenye fomu za kujiandikisha kupiga kura: swali ni "raia wa Marekani?", ndiyo au hapana, na kisanduku cha mwenye utaifa hakipo. Huko Alaska, waliotia tiki "ndiyo" wameishia kushtakiwa.